Tunisha Kifua

Mimi Hanifa sina subira na mtu anayevuta mashine ya waya kama anamvuta ndama mkaidi. Jimu yangu iko hapahapa Karatu mjini, na mdomo wangu unajulikana mpaka sokoni.

"Selestina! Mgongo wima! Hayo ni mabega au masikio? Yashushe!"

Akacheka, akayashusha. Selestina anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii. Bega lake la kulia liliteguliwa na mumewe, Tluway, alipomburuta kutoka jikoni. Akamkimbia, akapanga chumba yeye na mwanawe. Daktari kamwambia ajenge mgongo. Bega likiteguka tena, kazi aisahau, na chumba pia.

"Tunisha kifua! Vuta, viwiko vipite mbavuni. Bana mgongo. Sasa rudisha polepole, vyuma visikunyang'anye mshikio. Si nimesema tunisha kifua?"

Mlango ukapigwa teke. Tluway huyo.

"Kumbe wewe ndiye unayemfundisha! Anitunishie kifua mimi, mume wake?"

"Shemeji, hilo ni zoezi la mgongo," nikamwambia. "Na buti zako zina tope."

Akanizaba kofi nikaona nyota. Kabla sijasimama sawasawa, alishamkamata Selestina mkono uleule wa kulia, anauvuta. "Nyumbani!" Selestina akapiga yowe. Wallahi, damu ilinichemka. Nilichomoa mshikio wa chuma kwenye waya, nikamtandika nao mdomoni. Jino likaruka. Hakumwachia. Nikampiga kifundo cha mkono, nikasikia kinavunjika, ndipo vidole vikalegea. Akanigeukia mimi, akanikaba koo kwa mkono uliobaki, tukaanguka juu ya vyuma. Macho yakaingia kiza. Niliogopa, nisikudanganye.

Selestina akamshika kola kwa nyuma, akakaza miguu kwenye mashine, akamvuta kwa nguvu zote. Tluway akaniachia, akaangukia kisogo sakafuni, puh!

Majirani wa dukani wakajaa mlangoni. Tluway akaketi, damu inamchuruzika kidevuni, akamnyooshea mkewe mkono mzima. "Mama Joseph, niinue," akasema kwa upole. "Watu wanatutazama."

Selestina akamwinamia. Nikajua huyu anarudi. Akavua pete yake ya ndoa, akamwekea kiganjani.

"Waache watazame," akasema.