Sikio la Fundi

Mimi nina kiherehere, na sioni haya kusema. Mama yangu mzazi alikuwa akiniambia udadisi utanifikisha pabaya. Umenifikisha kwenye unesi, katika kituo cha kutwa cha watoto, ndani ya chumba chenye kitanda, mizani, kabati la kufuli na friji ya dawa. Watoto wetu ni wale ambao sauti, mwanga na kuguswa huwaingia kwa ukali kuliko sisi, au haviwaingii kabisa. Wengine hawasemi, wengine wanasema neno moja wiki nzima. Kila mmoja ni fumbo, na mimi mafumbo nayapenda.

Fumbo langu kubwa alikuwa Fundi. Msichana wa miaka sita, mwembamba, hana neno hata moja, lakini mpe kitu chenye kifuniko au skrubu uone. Atakifungua, achungulie ndani, aridhike, aende zake. Alishafungua redio ya mlinzi na kitasa cha choo. Siku moja alifungua mkoba wa Mkuu wa kituo, akatoa karanga zilezile ambazo Mkuu alitukataza kula kazini. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kuguswa ndiko alikuwa hataki. Hata mama yake akimkumbatia, alikakamaa kama ubao. "Nimemzaa mwenyewe, Sista, lakini kumshika ni mpaka alale," mama aliniambia siku moja, akacheka kicheko kisicho na raha.

Sasa, siku za karibuni Fundi alikuwa amebadilika. Alijipiga kichwa kwa kiganja, chakula alisukuma, na alimkwaruza mwenzake mmoja uso. Halafu Ijumaa asubuhi akaingia chumbani kwangu mlezi wetu tunayemwita Baunsa, mwanamume mwenye mabega ya kujaza mlango, ameshika mkono wake kama ameshika yai.

"Ameniuma, Sista! Nimemvisha tu vizuia sauti."

Vizuia sauti ni vile vikombe viwili vya kufunika masikio, kama wavaavyo watu wa viwandani. Vyetu vilikuwa vikuukuu. Mpishi alivitia viraka kwa sponji yake ya manjano ya kuoshea vyombo.

"Pole, baba," nikamwambia huku namsafisha. "Ila tukiri, meno anayo mazuri."

Kabla hajajibu, Mkuu naye akaingia. Si mtu mbaya, yule mama, ila siku hiyo alikuwa amechoka mpaka sauti.

"Sista, maji yamezidi unga. Juzi kamkwaruza mwenzake, leo mlezi. Nimempigia mama yake aje amchukue, na Jumatatu asimrudishe."

"Akae wapi?"

Mkuu akatazama dirishani. Wote tulijua pa kukaa ni wapi. Kabla ya kuja kwetu, Fundi alikuwa akifungiwa chumbani kutwa nzima wakati mama yake anashona sare kiwandani, jirani akimchungulia dirishani akikumbuka. Alitufikia kucha zimekwisha kwa kuparura mlango. Nilipandwa na hasira, nikaona nikifungua mdomo nitaharibu.

"Nipe mpaka mama yake afike," nikasema.

"Ufanye nini?"

"Nichungulie."

Fundi mwenyewe alikuwa ameingia nyuma ya Baunsa, yuko hapohapo kando ya friji. Friji ile aliipenda tangu siku ya kwanza. Injini yake hutetemeka, na mtetemo ule ulimtuliza. Alizoea kuiegemea kwa mgongo na kufumba macho. Lakini leo alikuwa amepiga magoti, amebandika sikio la kulia kwenye bati, anasukuma kwa nguvu. Nikakumbuka kwamba jana pia ilikuwa hivyo. Kulikoni mgongo umehamia sikioni?

Nikalala chini upande wa pili wa friji, gauni jeupe na yote, nikabandika sikio langu. Baridi, na mtetemo mdogo, kama mtu anakupapasa. Nikakumbuka jino lililowahi kunitesa, nilivyoshinda nimekumbatia chupa ya maji baridi shavuni. Nikainuka haraka mpaka nikagonga kichwa.

"Baunsa! Ulipomvisha, mashine ya kusagia jikoni ilikuwa inalia?"

Akafikiri. "Ilikuwa imeshazimwa, kwa kweli. Alianza kupiga kelele kile kikombe cha kulia kilipomgusa."

Jamani! Kituo kizima tumesomea jinsi sauti zinavyowatesa watoto hawa. Mtoto akilia tunazima redio, akijipiga tunafunga pazia na kuleta vizuia sauti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba sikio linaweza kuuma tu, kama la mtoto yeyote wa jirani. Niliona aibu, lakini hamu ya kujua ilikuwa kubwa kuliko aibu.

"Tumshike, tuangalie," akasema Mkuu. "Tuko wengi."

"Tukimshika leo tutaliona sikio, kesho hatatuamini hata kwa kikombe cha maji. Hapana."

Nikachukua kile kikurunzi chenye pua nyembamba cha kuangalia masikio. Nikakaa sakafuni, nikampa Fundi mgongo, nikamwamuru Baunsa ainame. Nikachungulia.

"Lo!"

"Kuna nini?" Baunsa akashtuka kweli.

"Nta. Inatosha kung'arisha sakafu ya ukumbi."

Nyuma yangu nikasikia magoti yakisogea. Tundu! Tundu ambalo Fundi hajawahi kulichungulia, na taa yake tayari. Akaja, akanipokonya kikurunzi, akaingiza jicho. Alikaa sikioni mwa Baunsa kama mtu anayesoma gazeti. Kisha akanigeukia mimi. Kisha Mkuu, ambaye, namsifu, alivua hereni akakaa sakafuni na sketi yake ya ofisini. Mpishi alikuja kuuliza idadi ya sahani akajikuta naye ameinamishwa kichwa, mwiko mkononi. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Alipotumaliza, nikagusa sikio langu, nikanyoosha kidole kuelekea lake, nikafungua kiganja. Fundi akakitazama kiganja muda mrefu. Kisha akanirudishia kikurunzi, akanipa sikio la kushoto. Lilikuwa safi.

Wakati huo mama yake alikuwa amefika mlangoni, nyuzi za kiwandani zimemganda kwenye blauzi, macho yamevimba. Alikuwa ameambiwa kwenye simu. Nikamwashiria asiseme kitu.

Nikauchukua mkono wa Fundi kwa kidole kimoja tu, nikauweka kwenye kifundo cha mkono wangu. "Wewe ndiye breki," nikamwambia. "Ukibana, nasimama."

Nikasogea upande wa kulia. Akabana, nikasimama. Akalegeza, nikasogea. Akabana tena, nikasimama tena, naye akanitazama machoni kidogo, ananipima. Nilipokaribia, harufu ndiyo iliyonipokea kwanza, harufu ya kitu kilicholowa na kuoza. Kisha, karibu kabisa na mlango wa sikio, nikaona kitu cha manjano.

Kingekuwa ndani zaidi ningekiacha kwa daktari, lakini kilikuwa pale, ncha imejitokeza. Nikachukua kibano. Tulikwenda hivyo, kubana na kulegeza, mpaka magoti yangu yakafa ganzi. Mwishowe kikatoka kikiwa kizima na usaha wake, kimeviringishwa vizuri kama sigara ndogo. Fundi akatoa pumzi ndefu, akaegemeza mgongo kwenye friji.

"Hiyo si sponji yangu?" akasema Mpishi.

Baunsa akakimbia kuleta vizuia sauti. Kiraka cha kikombe cha kulia kilikuwa kimenyofolewa pembeni, kidogokidogo, kama panya alipita.

Nikakaa palepale sakafuni nikifikiri. Vizuia sauti vile mimi ndiye niliyekuwa nikivifungia kabatini. Tulimvisha tulipoona sisi kuna kelele, tukamvua tulipoona sisi zimeisha. Kwa Fundi kelele zilikuwa hazijaisha. Alifungua kikombe, akaona kinavyofanya kazi, akajitengenezea chake cha kukaa nacho.

"Harufu niliisikia," mama yake akasema pale mlangoni, akaanza kulia. "Nikadhani simwogeshi vizuri. Kila siku namsugua, ananipiga, namsugua. Kumbe ninamtonesha mwanangu!"

"Sote tulimtonesha," nikamwambia. "Mchana huu anakwenda kwa daktari wa masikio kupata dawa, na mimi nakwenda nanyi."

Mkuu alikuwa akirudisha hereni, na haikutaka kuingia. "Jumatatu mlete mapema," akamwambia mama bila kumtazama. "Na hivi vikombe Sista asivifungie tena. Vikae na mwenyewe."

Mama akataka kumshukuru, lakini hakuwahi. Fundi alikuwa ameinuka, ameokota kikurunzi, anatukagua mmoja mmoja. Sote alikuwa ametumaliza. Alikuwa amebaki mtu mmoja.

Akaenda mpaka mlangoni, akamvuta mama yake kwa mkono wa blauzi. Mama akapiga magoti. Fundi akamshika ndewe ya sikio, akamwekea kiganja shavuni asitikisike, akaegemeza paji lake la uso kwenye nywele za mama, akachungulia. Mama alikuwa haguswi na mtoto wake akiwa macho, mnajua hilo. Aliganda pale, machozi yanamshuka, mikono ameitanua pembeni, hajui aiweke wapi.

"Sista," akaninong'oneza, midomo haisogei. "Anaona nini?"

"Sijui," nikasema. "Usitikisike."