Chaki Mlangoni

Mlango wa ghorofani ulikuwa umeshafunguliwa, mama mwenye nyumba ameshasema mwanawe anaharisha tangu jana, na Mama Pacha, mhamasishaji wa afya, ameshakoroga maji ya chumvi na sukari kikombeni. Ikabaki alama tu. Akachora msalaba wa chaki mlangoni, kama walivyofundishwa, ili timu ya dawa ipajue penye mgonjwa.

Mlango ukabamizwa. Komeo likapita.

"Wageni hawa vichwa ngumu," msimamizi wake alisema, kipaza sauti kikining'inia begani. "Andika wamekataa, twende zetu."

"Bosi, umemwona mtoto? Macho yameingia ndani. Hafiki jioni yule."

Akagonga taratibu. "Dada, na mimi nina wadogo, tena wawili kwa mpigo. Nifungulie."

"Ondokeni!" Ndani vyombo vilikuwa vikisukumizwa kwenye mfuko. "Tunahama sasa hivi. Mmeshatutia alama."

"Alama ya dawa hiyo, dada."

"Kule kwetu nao walisema hivyohivyo! Mchana wakapita na chaki, usiku wakarudi na moto."

Mama Pacha akaitazama chaki vidoleni. Kumbe ni mkono wake huu uliowatisha! Mtoto yule akibebwa njiani juani, basi tena. Akavuta ncha ya mtandio, akaanza kusugua.

"We! Timu itapajuaje hapa?"

"Nitawaleta mwenyewe, kwa miguu yangu. Na hicho kipaza, bosi, kashuke nacho chini. Nakuomba."

Msimamizi akaguna, akashuka.

Alisugua mpaka rangi ya mlango ikabanduka. "Nimefuta, dada. Chungulia."

Komeo likarudi nyuma, jicho moja likatokeza. Likaukagua mlango juu hadi chini, ndipo likatua kwenye kikombe.

"Kunywa wewe kwanza."

Akapiga funda kubwa, akakunja uso. "Si matamu kama soda, sikudanganyi."

Mtoto alitolewa mgongoni, kalegea kama kitambaa kibichi. Kijiko cha kwanza kilirudi chote. Mama yake akamkazia Mama Pacha macho makali.

"Tusubiri kidogo," Mama Pacha alinong'ona. "Tumpe tena, polepole."

Cha pili kikashuka. Wakangoja. Hakikurudi.

Mama akasogeza mfuko wa vyombo kwa mguu, akaacha njia.

"Ingia ukae," alisema. "Ila yule mwenye kelele abaki hukohuko chini."