Visogo vya Pacha wa Perina

Meli ilikuwa imeshafungua kamba niliporuka na kuangukia magunia ya lozi. Dakta Prelog alikuwa amekalia sanduku lake la koleo za kupimia vichwa, anakula tini kavu.

"Futa ulichoandika kuhusu wapwa wangu," nikamwambia, hata salamu sikumpa.

Siku tisa alipima vichwa kisiwani kwetu, ajue nani wa aina ya pwani, nani wa aina ya milima. Siku moja kabla ya kuondoka, kwenye nyumba ya mvinyo, akatangaza kwamba pacha wa dada yangu Perina ni aina mbili: Vicko wa pwani, Lovre mwenye kisogo bapa wa milima. Baba yao hawezi kuwa mmoja.

"Perina, alipita mchunga mbuzi gani?" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka. Mumewe, Tonko, hakucheka. Alihamia kwa mama yake na godoro begani. Atarudi, alisema, daktari akifuta kwa maandishi.

"Mzee, namba hazina upendeleo," daktari akanijibu.

"Sikiliza, mwanangu. Maziwa ya dada hayakutosha wawili. Lovre alilelewa na shangazi yake aliyeolewa milimani. Kule mtoto mchanga hufungwa chali kwenye kitanda cha mbao mwaka mzima, kama mzigo wa punda. Kisogo kitaachaje kuwa bapa?"

"Kichwa hurithiwa, hakifinyangwi."

"Umewahi kulea mtoto wewe?"

"Sina mke."

"Ndiyo maana!"

Mabaharia wakaangua kicheko. Daktari akaona haya, akanibana kichwa kwa koleo. "Wewe ni wa pwani halisi," akasema, kana kwamba ananivisha nishani.

"Haya. Na Lovre ni mpwa wangu au si mpwa wangu?"

Akafunga daftari, akalikalia. "Wachapaji wanangoja."

Nilimvuta nilichukue daftari. Nahodha akanishika ukosi, akanishusha bandari iliyofuata. Nilirudi kwa dada mikono mitupu.

Tonko alikwenda Chile mwaka ule ule, akafia huko. Kitabu kilitoka, Lovre yumo, amepigwa picha kwa upande, kisogo kionekane. Daktari alipandishwa cheo. Vicko akawa fundi mashua, Lovre mwashi. Waligombania shamba la mizeituni kwa miaka mingi. Perina hakuolewa tena, alizikwa mwaka 1948. Mimi napanga chumba Trieste, ng'ambo ya bahari.