Mimba ya Afande Ronnie

Siku Barbara alipofika Bwera kumwambia Musoki kwamba mchezo wake umechaguliwa kuonyeshwa Kasese, alimletea habari mbili kwa mkupuo: kwamba mchezo umependwa mno, na kwamba Musoki mwenyewe hatacheza.

Tuelewane mapema. Musoki ni mwigizaji, na anatembea kwa mikono. Miguu yake ililegea angali mtoto, kwa hiyo huvaa kandambili viganjani na kwenda nazo sokoni, kanisani, hadi Mpondwe mpakani anakouza vitenge. Mchezo aliutunga yeye. Unahusu mwanamke kama yeye aliyefika kituo cha afya na uchungu wa kuzaa, akakuta kitanda kilichoinuka juu kumpita, na muuguzi akamwambia, "Panda." Akazalia sakafuni. Mtoto hakuishi. Hayo hakuyabuni, yalimpata. Sasa alikuwa mjamzito tena, kitanda kilikuwa kilekile, na daktari mkubwa mwenye uwezo wa kukibadilisha angeketi mstari wa mbele pale Kasese. Musoki alitaka daktari huyo aone onyesho la kitanda, basi. Makofi angewaachia wenye kuyapenda.

"Jukwaa iko juu, nyabo," Barbara alieleza, akimwita bibi kwa adabu. Yeye ndiye aliyekuwa mratibu wa sherehe ya walemavu, msichana mwenye moyo mwema, na wema wenyewe ndio uliokuwa balaa. "Iko na ngazi."

"Nitapanda. Milima ya Kyondo napandaga na mikono, nishindwe na ngazi?"

"Hapana. Mulemavu kutambaa mbele ya wageni ni kumudhalilisha. Tulifundishwa kwa semina."

"Basi munibebe."

"Kubeba ndiyo mubaya zaidi."

"Na mutu atacheza mahali yangu, atafanya nini?"

"Atatambaa," Barbara alisema bila kupepesa macho. "Lakini yeye anaigiza tu."

Célestin, mumewe Musoki, aliangua kicheko hadi akaegemea ngoma yake. Célestin ni kipofu, mzaliwa wa Kasindi ng'ambo ya mpaka, na ndiye mpiga ngoma wa kikundi. "Mungu wangu," alisema. "Mimi sasa, banatafuta mutu wa macho anisaidie kuwa kipofu?"

Barbara alisema hilo bado linajadiliwa.

Mwigizaji wa kuchukua nafasi yake alitoka jeshini. Waandaaji walikuwa wameiomba kambi moja ya askari watu wa kusimamisha mahema, na Kapteni Mugume, mtu asiyependa msaada wa nusunusu, akawaongezea na mwigizaji. Alimwita askari mmoja kijana aitwaye Ronnie, kifua mlango mzima, akamwamuru mbele ya wote, Musoki akiwemo, kwa sauti ya mafua yasiyopona, "Kuanzia sasa weye ni mulemavu! Weye ni mwanamuke! Weye iko na mimba! Mpaka amri ingine!"

"Ndiyo, afande!" Ronnie alijibu, akalala chini palepale.

Mazoezi yalifanyika uani mwa kanisa huko Bwera, mwalimu akiwa Musoki. Siku ya kwanza Ronnie alitambaa kama anayekwepa risasi, kwa viwiko, uso vumbini, akaumaliza uwanja kabla Célestin hajamaliza mdundo wa kufungulia.

"Pole pole, afande. Uko na uchungu."

"Uchungu iko upande gani, mwalimu?"

"Kwa kiuno."

"Kiuno. Sawa."

Huwezi kumlaumu Ronnie kwa uvivu. Kabla ya wiki kwisha alikuwa hasimami hata kula. Alilala na mto tumboni chini ya gauni la kuazima, akalalamika kiungulia, na asubuhi moja akamwomba Musoki amtafutie udongo wa kutafuna. Watoto wa mtaa walimwamkia mama. Barbara alipokuja kukagua alitoa kitambaa akafuta machozi.

"Huyu anatoa sura ya mulemavu kabisa," alimnong'oneza Musoki. "Wewe unachekaga sana. Hufanani."

Musoki hakucheka. Alikwenda nyuma ya kanisa akalia kwa hasira, kilio cha mtu aliyeibiwa kisha akaambiwa mwizi anapendeza zaidi na nguo zake. Akanawa uso, akarudi, akamfundisha Ronnie onyesho la kitanda, jinsi ya kushika mguu wa kitanda, kujivuta, kuanguka na kujivuta tena. Kama hawaitaki sura yake, angalau kitanda wakione.

Siku chache kabla ya sherehe Kapteni Mugume alihamishiwa kaskazini. Hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na mimba ya Ronnie.

Siku ikafika. Uwanja wa Kasese ulifurika, kwaya mbili zikigombania kipaza sauti kimoja, daktari mkubwa yupo mbele karibu na mgeni wa heshima. Musoki alipewa mahali maalum kwa walemavu, yaani nyuma ya spika, ambapo mtu haoni kitu ila nyaya. Ngoma ikalia. Ronnie akaingia jukwaani kwa gauni na mto wake, akitambaa kwa uchungu wa kweli kweli, na kabla hajafika katikati mgeni wa heshima akasimama, machozi yanamtiririka.

"Inatosha!" alisema. "Inatosha! Leteni kiti!"

Kulikuwa na kiti cha magurudumu cha kutolewa zawadi mwishoni. Kikaletwa saa ileile. Wanaume wakamnyanyua Ronnie mzimamzima wakamketisha, na semina hakuna aliyeikumbuka. Zikafuata hotuba, picha, hotuba juu ya picha, kisha mshereheshaji akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Onyesho la kitanda lilikuwa halijafikiwa. Daktari mkubwa alikuwa ameshainuka, anamtafuta dereva wake.

Musoki alijivuta hadi ukingoni mwa jukwaa. "Ronnie! Endelea! Bado kitanda!"

"Mugeni wa heshima amesema inatosha, mwalimu."

"Basi toka kwa hiyo kiti uambie watu weye si mulemavu!"

"Siwezi." Ronnie alikuwa karibu kulia mwenyewe. "Kapteni alisema mpaka amri ingine."

"Kapteni alishaenda!"

"Ndiyo. Amri ilibaki."

Tulishasema Musoki ni mwigizaji. Alimsogelea Célestin, aliyeketi na ngoma yake chini kando ya jukwaa, akachukua kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya ngoma, akavuta pumzi kutoka chini kabisa karibu na mtoto, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kapteni Mugume, pamoja na mafua yake ya kudumu.

"Ronnie! Simama! Mguu sawa!"

Ronnie akaruka kutoka kitini, visigino vikagongana, mto ukaanguka.

Kisha mama mmoja wa kwaya akapiga yowe, "Amepona! Amepona na amezaa!" Vigelegele vikapasuka. Kuna mtu aliyeuokota ule mto kwa uangalifu, akaushikia kichwa kama mtoto mchanga. Mgeni wa heshima alipiga magoti. Chakula kikasahaulika, na daktari mkubwa akarudi mbio kwenye kiti chake.

"Nani ameamuru?" watu waliulizana. "Nani ametoa ile sauti?"

"Ni huyu bibi yangu," Célestin alisema, akaonyesha kwa kirungu cha ngoma.

Wakampisha njia. Musoki alipanda ngazi kwa mikono, kandambili zikipiga mbao, na hakuna aliyedhalilika, hata Barbara, kwa sababu kila mtu aliamini kwamba akifika juu atasimama. "Simama!" walipaza. "Na wewe simama, mama!"

"Muketi kwanza," alisema.

Wakaketi. Ronnie akaleta meza yenye miguu mirefu akaiweka katikati, akasimama kando yake kama muuguzi bila kuamriwa na yeyote. "Panda," akasema.

Musoki alishika mguu wa meza, akajivuta. Watu wote wakavuta pumzi naye. "Ee Yesu, sasa hivi!" Akaanguka, na uwanja mzima ukaguna. Akajivuta tena. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeshika simu, kwa maana hakuna aliyetaka kupitwa na muujiza. Katika miaka yote ya kuigiza hajawahi kutazamwa namna hiyo, na ilimuuma kujua wanachongojea, lakini aliwapokea vivyo hivyo. Aliwaonyesha sakafu. Aliwaonyesha muuguzi akitazama pembeni. Alipofika kwa mtoto, Célestin alinyamazisha ngoma, nao wakasikia kimya kile alichokisikia Musoki siku ile.

Alibaki amelala pale. Wanawake wengine walikuwa wanalia sasa, na si kwa furaha. Daktari mkubwa alishindwa kuvumilia. Akainuka, akanyoosha mikono kuelekea jukwaani.

"Simama, mama," alimsihi. "Amini tu. Simama."

Musoki aliweka mkono juu ya tumbo lake, akamtazama, akayaacha maneno ya mchezo.

"Mimi sisimami, daktari. Nazaa mwezi ujao. Kitanda ndiyo ishuke."