Mkono wa Injinia

Kava la ubavuni lilipotoka, mende walitawanyika kila mmoja na njia yake, wakubwa kwa wadogo, na mmoja akanipandia mkono hadi kwenye kiwiko kabla sijampukuta. Ndani ya ile kompyuta vumbi lilikuwa limegandana na nywele likawa zito kama blanketi kuukuu. Mjusi alikuwa amekaukia chini ya feni, mdomo wazi. Mimi nafanya kazi maabara. Nimepima makohozi na choo cha watu wa kila aina, na chakula changu cha mchana nakula bila taabu. Lakini pale, nimepiga magoti chini ya meza ya dada yangu, niliziba mdomo kwa kiganja.

Halafu ikanijia ile harufu. Haikuwa ya mende wala ya mjusi. Ilikuwa kali na ya baridi, ile inayochoma macho ukiisogelea: dawa ya kuchua misuli. Nikainamisha kichwa, Mungu anisamehe, nikainusa kompyuta kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yameharibika. Kompyuta haina mgongo. Haiumwi kiuno. Sasa nani alikuwa ameichua?

Katika nyumba ile aliyejipaka dawa hiyo alikuwa mmoja tu, shemeji yangu, mume wa dada. Mgongo wake ulikuwa na akili zake. Ulimuuma akiona ndoo, ulimuuma akiona ufagio, mpira ukianza kwenye televisheni unapona. Alikuwa dereva wa kampuni moja iliyofungwa, na kwa kukosa kazi sikumlaumu hata kidogo, maana mwaka ule wengi walirudi nyumbani. Nilichoshindwa kuvumilia ni ile dawa. Alijipaka kutwa nzima, hakunawa, na kila alichogusa kikabaki na utelezi: rimoti, vitasa vya milango, mkono wa kikombe changu. Nilipokuja likizo kwa dada nilikuwa naosha kikombe kabla ya kunywea, na yeye akiniona ananitania kwamba siku moja nitaosha hadi sabuni. Mashemeji ni watu wa utani, kwa hiyo nami nilimjibu kwamba nikimaliza sabuni zamu yake itafuata. Tukacheka wote, ila mimi nilicheka meno tu.

Mtaani, hata hivyo, hakuna aliyemwita mgonjwa. Walimwita Injinia, na sababu ilikuwa hiyo hiyo kompyuta.

Dada alikuwa na ofisi ya kuchapa na kutoa kopi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kompyuta moja ya mezani, printa moja, mashine ya kopi, na benchi la wateja nje ya mlango. Siku nyingine unabonyeza kitufe mashine inawaka kama kawaida. Siku nyingine taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi na kitu kinalia ndani, pii, pii, pii, mpaka unatamani kuipiga teke. Ilipogoma mara ya kwanza aliitwa fundi wa kweli. Akafungua, akaonyesha kibao cha memori, kijiti chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, akasema kimelegea na kimeshika vumbi. Akakisugua meno kwa kifutio cha penseli, akakirudisha mahali pake mpaka vibanio viwili vya pembeni vikalia tak. Mashine ikawaka. Aliyemshikia tochi wakati wote huo alikuwa shemeji.

Baada ya hapo fundi hakuitwa tena. Mashine ikigoma, wateja wanatolewa nje wakasubiri kwenye benchi, na dada anakwenda kumwamsha mumewe kwa sauti laini ambayo sijamsikia akiitumia kwa mtu mwingine. Injinia anatoka na singlendi, akijikuna tumbo, anaamuru mlango ufungwe na watu wanyamaze, kwa sababu eti mashine ile haipendi macho ya watu. Anabaki peke yake ndani. Mnamsikia akiguna, akikohoa, akivuta meza. Kisha mlango unafunguliwa na kioo kinang'aa. Watu wanatikisa vichwa, wanasema huyu bwana ana mkono, kuna waliosomea hiyo kazi na mkono wa namna ile hawana. Mteja mmoja aliwahi kubonyeza kitufe mwenyewe akagombezwa na wenzake wote, kwamba anataka kuizoesha mashine mikono ya ovyo. Siku mashine inapogoma Injinia anakalia kiti chenye mto, na chai yake inaletwa kabla ya kazi ya mtu yeyote.

Mimi niliyatazama hayo nikiwa likizo na nikanyamaza. Nyumba si yangu.

Kilichonitoa kimya ni mitihani. Dada alikuwa anachapa mitihani ya shule ya jirani kila mwisho wa muhula, na hiyo ndiyo iliyokuwa imeishika ofisi yake isianguke; kazi nyingine zilikuwa kopi za vyeti na barua za kuombea kazi. Muhula uliotangulia karatasi zilichelewa kwa sababu mashine iligoma na Injinia alikuwa usingizini. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkavu asiyependa kuzunguka maneno, alikuja mwenyewe kuleta kazi mpya, na mimi nilikuwepo.

"Mama, wewe nakuamini," alimwambia dada. "Lakini watoto wangu hawawezi kukaa darasani wanamsubiri mume wako aamke. Safari hii ikichelewa, napeleka kwingine."

Dada aliichapa ile kazi yote, akaihakiki neno kwa neno, ikabaki kuitoa kwenye karatasi asubuhi. Jioni yake Injinia akasema rafiki zake watakuja kuangalia mpira katika chumba cha ofisi, kwa kuwa kina nafasi. Dada akamkatalia. Alimkatalia vizuri, mezani, mimi nikiwepo: kesho ni siku ya shule, na hapo ndipo atakapopanga karatasi. Nilitegemea kelele. Injinia akajibu tu, sawa mama, akaendelea kutafuna. Upole ule sikuupenda.

Asubuhi, pii, pii, pii.

Dada akaenda kugonga mlango wa chumbani kwa ile sauti yake laini. Jibu lililotoka lilikuwa neno moja: mgongo. Akabembeleza. Akaeleza habari ya mwalimu mkuu, kana kwamba yule bwana alikuwa haijui. Akamwita Injinia, akamwita mume wangu, akamwita baba, na mwishowe nikamwona dada yangu, aliyenilea mimi baada ya mama kuondoka, amepiga magoti kwenye korido anaongea na tundu la ufunguo. Nilipatwa na kinyaa kikubwa kuliko cha wale mende. Nikamwambia anyanyuke, akawashe maji ya chai, mashine niachie.

Sikuwa najua kompyuta. Ninachojua ni kazi ya maabara, kwamba ukitaka kumpata mkosaji unabadilisha kitu kimoja kimoja na kuacha vingine vilivyo. Nikahamishia waya kwenye soketi nyingine. Pii. Nikaazima waya wa printa. Pii. Nikachomoa kibodi na mausi, nikachomoa printa, nikakaza waya nyuma ya kioo. Pii, pii. Ikabaki kufungua tumbo lenyewe. Nilitafuta bisibisi nyumba nzima, kumbe ya nini, kava halikuwa na skrubu hata moja. Lilikuwa limeegeshwa tu, kama la kitu kinachofunguliwa kila siku.

Ndipo nikakutana na wale mende, na harufu.

Nikawasha tochi ya simu. Kibao cha memori kilikuwa kimesimama upande, kimeng'oka nusu, na vibanio vyake vyote viwili vilikuwa wazi. Jamani, vibanio vile havifunguki kwa mtikisiko wala kwa uzee. Ni lazima uviweke vidole gumba, huku na huku, ukandamize. Na vidole gumba vilikuwa vimewekwa. Mafuta ya dawa yalikuwa yamebaki juu ya kila kibanio, vumbi limeyaganda, na mistari ya ngozi ya mtu ikaonekana humo wazi kabisa. Alama mpya ilikuwa juu ya alama kuukuu, na ile kuukuu juu ya nyingine.

Nilifikiri ningekasirika, lakini hasira ni kitu kisafi kuliko kile nilichokisikia. Nilihisi kama nimeinua kifuniko cha sufuria ya jana nikakuta kilichomo kinatembea. Mtu amelala kitandani, ameugeukia ukuta, anasikiliza mkewe akiomba, na dawa ya mashine iko kimya ndani ya vidole vyake. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikafuta kile kibao, nikafuta vibanio, nikakirudisha mpaka kikalia tak. Mashine ikawaka bila mlio.

Printa ilifanya kazi mpaka karatasi zikawa za moto. Tukazipanga, tukazifunga kwa kamba, tarishi wa shule akaja akazibeba na kwenda zake. Dada alikaa akashusha pumzi. Nikaona huu ndio wakati, nikamsogezea kile kitambaa.

"Nusa," nilimwambia.

Hakunusa. Alikuwa anakunja makasha ya karatasi, akaendelea kuyakunja.

"Unadhani mimi sina pua?" alisema.

Nilikaa. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu mwanzo, tangu mara ya pili ilipogoma. Nikamuuliza sasa ni nini hiki, dada, ni nini hiki unachokaa nacho. Hapo akainua macho.

"Siku isipowaka ndiyo siku anayotoka kitandani. Watu wanamwita Injinia. Anaoga. Siku hiyo ni mtu, mdogo wangu."

"Leo hakutoka. Leo alikuacha uumbuke."

"Leo ni kwa sababu nilimkatalia mbele yako," alisema, kama anayenieleza kwamba nimeegemea ukuta wenye rangi mbichi.

Kitanda kikalia chumbani. Alikuwa ameisikia printa, bila shaka, na mgongo ulikuwa umepona. Dada akasimama. Akaizima kompyuta, akasubiri feni itulie, akainama na kulitoa kava kwa mkono mmoja. Mende hawakumshtua. Akaingiza vidole gumba vyake ndani, huku na huku, akakandamiza, akakivuta kile kibao hadi nusu, akakiacha upande kama kilivyokuwa. Hakupapasa, hakuwasha tochi. Alifanya kama mtu anayetandika kitanda chake mwenyewe. Akalirudisha kava, lililokuwa bado na utelezi wa dawa, kwa vidole vile vile, kisha akaita kwa ile sauti laini.

"Injinia, iliwaka kidogo yenyewe ikazima. Njoo utuokoe."

Akaja, na singlendi, na harufu yake mbele yake. Akatazama meza, akaona kitambaa changu na chupa ya spiriti, akanitazama mimi. Alijua kwamba ninajua. Nilitegemea macho yake yakimbie, lakini yeye alitabasamu, akaniambia shemeji, maabara hawakukutuma uje kupima mashine za watu. Kisha akatuamuru tutoke, mlango ufungwe.

Tukakaa kwenye benchi la nje, dada na mimi, bega kwa bega. Ndani akaanza kuguna na kukohoa. Dada alijifuta vidole gumba kwenye gauni, taratibu, na sehemu ile ya kitambaa ikabaki inang'aa. Nilikuwa nimezoea kumchukia mtu mmoja katika nyumba ile, na nilijua jinsi ya kuishi na hilo. Sasa nilikuwa ninamwonea kinyaa hata mtu ninayempenda, na sikujua niuweke wapi mwili wangu kwenye lile benchi. Akaniambia nikimgusia tu mumewe jambo hili, nisikanyage tena kwake. Sikumgusia. Mlango ulipofunguliwa na kioo kikawa kinawaka, dada alimpigia makofi.

Muhula uliofuata alinipigia simu nikiwa kazini. Mitihani imeondoka. Mashine iligoma asubuhi ile, Injinia hakuamka, tarishi akasubiri kwenye benchi hadi mwalimu mkuu akaja mwenyewe, akadai karatasi zake za mwandiko wa mkono, akaenda nazo. Hakugomba hata neno. Dada aliyasema hayo yote kwa utulivu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine.

"Nilimgongea," akasema. "Nilimgongea sana."

"Na mikono yako, dada?"

Nilisikia kiti kikivutwa huko kwake, na mtu akikohoa kwa mbali.

"Mashine yenyewe imezeeka, mdogo wangu," alisema.

Nikampa pole, nikakata. Kisha nikaenda kwenye sinki nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ingawa asubuhi ile nilikuwa sijashika kitu.