Wanaosubiri Idhini

Adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa Bi Mwatum aliporudi duka la intaneti la Shaima, pale Mkunazini, mtandio umemlowa jasho. Ujumbe alioutuma asubuhi ulikuwa palepale: "Unasubiri idhini ya msimamizi."

"Bado tu?"

"Bado, Bi Mwatum," Shaima alisema. "Humu barazani wewe huna nyota za cheo. Maneno ya wageni hukaa mlangoni mpaka wakubwa wapende."

"Mgeni! Mwaka mzima nnaingia humo, hapiti maiti nisimtilie dua."

Jirani yake, Bi Rukaiya, alikuwa taabani. Alichotaka ni mwanawe Talib, aliyeko Uingereza, amsikie kwa kinywa chake akimwambia yu radhi naye, maana waliagana kwa maneno machungu. Nambari ya Talib ilikuwa haiiti tena. Lakini mtaa mzima ulijua hakosi Barazani Kwetu, baraza la mtandaoni wanamokutana Waunguja wa nje na wa ndani. Ndipo asubuhi ile Bi Mwatum, kwa kidole kimoja, alipoandika: "Talib, mama yako mgonjwa sana. Piga nambari hii upesi."

Msimamizi, Azzan, mwenye nyota tatu, hakuwa amelala wala hakusafiri. Alikuwa humo humo, kwenye mada ya unyenyekevu iliyofika ukurasa wa sita, akiandika kuwa mbele ya Mungu watu wote sawa kama meno ya kitana.

"Kitana gani hiki," Bi Mwatum alisema, "chenye meno mengine ya dhahabu?"

Akamwandikia Azzan peke yake. Jibu likaja: "Bibi, humu pana utaratibu. Jitambulishe kwanza: jina kamili, elimu na kazi."

Akajibu: "Mwatum binti Mmanga, darasa la saba, mjane. Mgonjwa si mimi."

Azzan akarudi kwenye mada yake ya unyenyekevu.

Bi Mwatum alikaa akikitazama kioo. Kwenye baraza la mawe, mtu akija watu husogea, hata awe mchukuzi. Na mwenye habari ya ugonjwa au msiba haulizwi kasoma wapi. Husema, na watu wakainuka.

Simu yake ililia baada ya Magharibi, naye yuko ubavuni mwa kitanda cha Bi Rukaiya. Ni Talib, ujumbe ndio kwanza umeidhinishwa. Lakini tangu alasiri ulimi wa mgonjwa ulikuwa umeshakuwa mzito. Bi Mwatum akamwekea simu sikioni.

"Mama, nisamehe. Sema basi, mama."

Midomo ikatikisika. Sauti haikutoka.

Bi Mwatum akaichukua simu. "Mwanangu, amekuwia radhi. Kanambia mwenyewe asubuhi."

"Nilitaka kuisikia kwake, Bi Mwatum."

"Na yeye alitaka hivyo hivyo, baba."

Bi Rukaiya alifariki alfajiri.

Khitma ya marehemu ilipokwisha, Bi Mwatum alirudi kwa Shaima. Azzan alikuwa ameandika pole ndefu, yenye aya na hadithi, na pembeni ya jina la Bi Mwatum zilikuwa zimebandikwa nyota tatu. Chini yake Azzan kaandika: "Tumekupandisha daraja kwa heshima yako."

"Nyota hizi zinavuliwa wapi?"

"Hazivuliwi, Bi Mwatum. Na tena ukiwa nazo, unawaona walioko mlangoni. Tazama."

Akatazama. Walikuwa wamejipanga mmoja chini ya mwenzake: mwanamke wa Nungwi anamtafuta nduguye, kijana wa Kizimbani anauliza suala la twahara, mwengine anatoa salamu tu, tangu Rajabu. Kila mmoja na maneno yale yale chini yake.

"Hawa nao wameambiwa wataje elimu?"

"Sijui. Ila ukibonyeza hapo, wanaingia."

Bi Mwatum akavuta kiti.

"Hujamuuliza Azzan," Shaima alisema. "Watakufukuza."

"Na wanifukuze."

Akasoma bismillahi, akaanza na yule mwanamke wa Nungwi.