Kadi Inasema Mama Amemkataa

Tiki, tiki. Chupa iligonga ukuta wa sufuria, alfajiri, umeme ukiwa bado haujarudi. Nilikuwa namchemshia chupa mtoto wa gorila aliyelala ubavuni mwa binti yangu, amemshika kidole kama ndugu. Siku ya tisa hiyo mimi, msafishaji wa mabanda, namlea nyumbani. Kadi iliyobandikwa bandani kule bustani ya wanyama ilisema mama yake amemkataa. Gorila wamebaki wachache, meneja aliniambia, huyu akifa mikononi mwako utajibu wewe.

Chekechea ilikuwa imefungwa, nikaenda kazini nao wote, mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Mlinzi wa geti akacheka, "Mama Pacha huyo."

Nikaanza kuosha banda. Yule mama gorila alikaa nyuma ya wavu, mgongo kwetu. Mgongoni kwangu mwanawe akalia. Mama akageuka. Matone mawili yakatokea kifuani mwake, yakateremka kwenye manyoya.

Mimi nimenyonyesha. Maziwa nayajua bila kusoma shuleni.

Nikamfuata mlishaji, mzee wa zamu. "Baba, huyu ana maziwa."

"Anayo tangu siku ile ya kwanza."

"Na kadi?"

Akajikuna kidevu. "Mwanangu, mama na mwanawe hujificha kona, wageni hawaoni kitu. Mtoto na chupa, hiyo ni picha ya kulipiwa, ndiyo maana meneja akamtoa. Nimebakiza miezi minne nistaafu. Mimi sijui lolote."

"Unajua kutojua, baba."

Masikio yalikuwa yananiwaka. Siku tisa nimemwimbia mtoto wa watu, kumbe namsaidia mwizi aliyemwiba.

Saa nne meneja akaja na wageni wake. "Mama Pacha, mlete. Watu wanasubiri picha."

"Wa kumnyonyesha yuko ndani."

"Wewe umeajiriwa kusafisha."

"Ndicho ninachofanya." Nikaibandua ile kadi, nikaitosa kwenye ndoo ya mavi. Kisha nikafungua kidirisha cha chakula, nikamshusha mtoto polepole. Mikono miwili mikubwa, myeusi, ikampokea.

"Rudisha ufunguo," meneja akasema. "Kazi huna."

Nikauweka kiganjani mwake. Mbele ya wavu wageni walikuwa wameshusha simu. Binti yangu alikuwa amechuchumaa, paji la uso limegusa chuma.

"Mama, ananyonya," akasema.